Ukuta wa Pamba na Makuli wa Kibaigwa

Bomba liling'oka ukutani na Lameck akaenda nalo chini.

Penina alikuwa jikoni anasonga ugali wa mchana. Aliposikia kishindo aliuacha mwiko umesimama katikati ya sufuria, akakimbilia chumbani. Alimkuta mumewe amelala ubavu juu ya godoro la wageni, ambalo kwa bahati walikuwa wamelitandika pale sakafuni kwa tahadhari. Bomba la chuma amelikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Kichwa kizima kimekuwa cheupe kwa vumbi la jipsamu. Na alikuwa anacheka, tena kile kicheko chake cha kutoka tumboni, mpaka machozi yakawa yanachora mistari kwenye vumbi la mashavuni.

"Mama Gladi," alisema alipopata pumzi, "nimemng'olea mkwe nyumba yake."

Penina hakucheka. Alipiga magoti, akampapasa mabega, mbavu na nyonga, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua gunia lililodondoka kutoka kwenye lori. Hakuna kilichovunjika. Ndipo akainua macho ukutani. Pale vilipokuwa vishikio vya bomba palibaki mashimo yenye kingo zilizochanika, na katika kila shimo kilichungulia kishungi cha pamba ya njano. Aliitazama pamba ile. Kumbe muda wote huu mume wake alikuwa anaegemea mto wa kulalia!

"Basi," alisema. "Imekwisha. Hutaushika tena ukuta huu."

Sasa, huyu Lameck hakuwa mtu wa kukatazwa kushika kitu. Katika soko la mahindi la Kibaigwa, alikuwa kiongozi wa makuli kwa miaka mingi, na hakuna dereva wa njia ya Dar es Salaam aliyepakia pale bila kuijua sauti yake. Gunia alilitia begani kama mwingine anavyotupia mtandio. Walipokuwa wanapakia, yeye ndiye aliyeongoza wimbo, na mguu uliokwenda kinyume na wimbo wake ulisikia habari yake hapo hapo. Kisha asubuhi moja, mvua za kwanza zikiwa ndiyo zinaanza, aliinama kufunga kamba za viatu na mkono wa kushoto ukakataa. Ukafuata mguu. Kilikuwa kiharusi.

Alipotoka hospitali, binti yao Gladness, mwalimu wa shule ya msingi mjini Dodoma, hakutaka kusikia habari za kurudi Kibaigwa. Aliwachukua wazazi wake wote wawili nyumbani kwake Makole, ili baba awe karibu na mazoezi. Mtaalamu wa mazoezi alimpenda yule mzee mwenye maneno mengi, akawaambia jambo moja la wazi: mguu utarudi ukitumika, na hautatumika bila kitu cha kushika. Wafunge bomba ukutani, kutoka kitandani mpaka sebuleni, upande wa mkono wa kulia, mkono wenye nguvu.

Na upande wa kulia ndio uliokuwa na ule ukuta. Nyumba ile zamani ilipangwa na mtu wa kurekodi matangazo ya redio, akaigawa sebule kubwa kwa kujenga ukuta wa bodi za jipsamu, bodi huku na bodi huku, na katikati akajaza pamba ya kuzuia sauti. Upande wa kushoto kulikuwa na ukuta wa matofali, lakini huko kuna madirisha, na mkono wa kushoto wa Lameck haukuweza kushika kitu.

Aliyefunga bomba alikuwa Denis, mume wa Gladness. Denis alifanya kazi katika ofisi moja ya serikali kule Mtumba, na kama wengi wanaokaa mezani mchana kutwa, alitamani sana kushika nyundo. Alitazama video kwenye simu yake, akanunua bomba zuri, akatoboa, akaingiza plagi za plastiki, akakaza skrubu, akarudi nyuma hatua kadhaa kulitazama huku ameshika kiuno. Kwa kutazama, kazi ilikuwa nzuri kweli.

Jioni aliporudi na kuyaona mashimo, alisimama mlangoni bila kuvua begi.

"Mama, shikamoo," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe, mama. Ningemuua mzee."

"Hujamuua, yuko ndani anakula muwa," Penina alijibu. Hakuwa na hasira naye. Nani angemkasirikia kijana aliyekuwa akimwinua baba mkwe wake kila alfajiri kabla ya kwenda kazini? Alichokuwa nacho Penina ni hofu, na hofu yake haikujua kusamehe ukuta.

Basi siku zikaenda hivyo, Lameck kitandani, Lameck kwenye kiti, Lameck mikononi mwa Denis. Kicheko cha siku ile kilikwisha, na polepole sauti nayo ikaanza kupungua. Aliulizwa anataka uji au chai, akajibu chochote tu. Wajukuu wa jirani walikuja kumsalimia, akawapa mkono asiwatanie. Penina alijifanya haoni, mpaka mchana mmoja alipokuwa anamkanda ule mguu kwa mafuta.

"Mama Gladi," Lameck alisema akiwa ametazama dari, "mimi maisha yangu yote nimebeba. Kubebwa sijui. Sikujifunza."

"Ukianguka tena, je?"

"Nikianguka nitakuwa nilisimama."

Penina aliendelea kukanda. Jioni ile alimwita Denis uani, karibu na kamba ya nguo.

"Tafuta mtu anayezijua kuta za namna hii," alimwambia. "Lakini sikuahidi kitu. Aje kwanza nimsikie."

Denis akaja na Elieth.

Elieth alikuwa seremala, mwanamke mnene wa ovaroli ya bluu, ambaye nusu ya makabati ya jikoni katika nyumba mpya za mji ule yalipita mikononi mwake, na hakuchoka kulisema hilo. Aliingia akitafuna ubuyu, akatoa shikamoo kwa mama, shikamoo kwa baba, kisha akaukabili ukuta kama mtu anayetaka kuugombeza. Akaanza kuugonga kwa kifundo cha kidole kutoka mlangoni mpaka kitandani. Bu, bu, bu, ulisema ukuta. Bu, bu. Kisha mahali fulani ukasema: ta.

"Umesikia, mama? Hebu njoo ugonge mwenyewe."

Penina aligonga. Bu. Akasogeza mkono. Bu. Akasogeza tena. Ta! Alishtuka, akagonga tena kuhakikisha.

"Hapo ndani kuna nguzo ya mbao imesimama," Elieth alisema. "Ukuta huu una mifupa kama wewe na mimi. Kaka Denis alifunga bomba kwenye ngozi."

Denis alikuna kichwa, lakini alikuwa anatabasamu, naye akaanza kugonga. Wote watatu wakawa wanaugonga ukuta, na Lameck kutoka kitandani akawasaidia kwa mdomo: "Hapo! Hapana, rudi! Hapo, huyo hapo!"

Mbao zilipatikana zote, Elieth akiweka alama ya penseli juu ya kila moja. Penina aliziangalia zile alama za penseli, akakunja mikono.

"Sasa nguzo ziko mbali mbali," alisema. "Si vishikio vyote vitakavyoangukia kwenye nguzo. Na katikati bado ni pamba."

"Ndiyo, mama."

"Basi tuache."

"Mama," Elieth alisema, akaketi kitandani pembeni ya Lameck bila kukaribishwa, akalibonyeza godoro kwa kiganja. "Hili ni sponji tupu. Mbona mzee hajatua sakafuni?"

"Si kwa sababu ya chaga za kitanda?" Penina alijibu.

"Haya. Na huo ukuta tutautilia chaga."

Lameck akacheka, kile kicheko cha tumboni. Penina hakuwa amekisikia tangu siku ya bomba, na nadhani ni kicheko hicho, kuliko maneno ya Elieth, kilichomfanya aseme, "Kesho uanze."

Kesho yake Denis aliomba ruhusa kazini. Jambo la kwanza alilofanya Elieth ni kuzima swichi kuu ya umeme, maana ndani ya ukuta huwezi kujua waya umepita wapi. La pili, aliwagawia barakoa na glavu, akawaonya wasiishike ile pamba kwa mikono mitupu. "Ni nyuzi za kioo hizo. Ukijikuna leo utajikuna mpaka Jumapili, tena kanisani." Lameck walimhamishia sebuleni kwenye kochi, naye akalalamika kwamba mambo matamu yote yanafanyika akiwa nje.

Kuhusu kimo cha bomba palizuka ubishi. Denis alikuwa na kipimo alichokisoma mahali. Elieth alikuwa na kipimo chake cha siku zote. Penina aliwasikiliza wote, kisha akaenda sebuleni, akamwambia mumewe asimame, akamkumbatia kiunoni, na Denis akamshika upande wa pili. Mkono wa kulia wa Lameck ukaning'inia wenyewe. "Pima kwenye kifundo cha mkono," Penina alisema. "Huo ndio urefu wake. Vitabu havijamwona huyu." Elieth alivuta futi yake, akapima, akatikisa kichwa kukubali.

Kisha ukuta ukakatwa. Elieth alikata mkanda mrefu wa bodi kwa kimo kile, kutoka nguzo hadi nguzo, akaubandua kwa uangalifu kama mtu anayemenya muhogo. Pamba ikaonekana yote, ya njano, imelala kwa raha zake. Waliisogeza pembeni, na Penina akaona kwa macho yake zile nguzo alizokuwa akizisikia tu. Elieth akaleta vipande vya mbao ya mninga, vizito, vinene, akavilaza kati ya nguzo na nguzo, akavifunga kila upande kwa skrubu ndefu zilizolalamika zikiingia. Denis ndiye aliyeshika pima maji, na safari hii hakuruhusu kile kipovu kitoke katikati hata kwa unywele.

Penina alipoona wanarudisha pamba alitaka kusaidia, akaanza kuishindilia nyuma ya mbao kwa nguvu zake za kusongea ugali.

"Taratibu, mama," Elieth alisema. "Hiyo haipendi kubanwa. Inazuia sauti na joto kwa ile hewa iliyomo. Ilaze tu, ijaze nafasi, usiache mwanya."

Waliilaza. Wakarudisha bodi, wakaziba viungo kwa puti, wakasubiri vikauke, na upepo mkavu wa Dodoma ukawafanyia kazi hiyo upesi. Wakasugua, wakapaka rangi. Mwisho kabisa Elieth alichukua keekee, akatoboa mahali alipoweka alama, na safari hii keekee haikuzama kama kisu kwenye siagi. Ililia, ikagoma, ikatoa maganda mekundu ya mninga. Vishikio vikafungwa, bomba likapita, bolti zikakazwa mpaka mishipa ya shingo ya Elieth ikasimama.

"Tayari," alisema, akaingiza mkono mfukoni kutafuta ubuyu.

Lameck, kutoka kwenye kochi: "Nileteni!"

"Bado," Penina alisema.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameshika bomba kwa mikono miwili, analitikisa, na halikutikisika. Alikuwa ameona mbao kwa macho, ameona skrubu. Lakini usiku alipofumba macho bado aliona vile vishungi vya njano.

"Nataka kuuona ukuta huu ukibeba," alisema. "Ubebe watu wazima, wazito kuliko yeye. Ndipo atashika."

"Nitaning'inia mimi," Elieth alisema.

"Wewe ni fundi. Utajihurumia." Penina akachukua simu, akatoka uani, akampigia Yotham, aliyeshika uongozi wa makuli Kibaigwa baada ya mumewe. Alimwambia wakija mjini Jumamosi kushusha mzigo, apitie Makole na mtu mmoja au wawili walioshiba.

Jumamosi, jua likiwa bado halijawa kali, Fuso lilisimama mbele ya nyumba na mtaa mzima ukatoka kuangalia. Makuli waliruka kutoka nyuma ya lori mmoja baada ya mwingine, vumbi la mahindi kwenye nyusi, mabega kama milango. Penina alianza kuwahesabu, akaacha. Yotham alikuwa na jogoo chini ya kwapa. Nyuma yao, akishuka kwa heshima kama waziri, alikuja Gideoni, ambaye sokoni huitwa Tani Kumi na ambaye dereva hakumruhusu kukaa upande mmoja wa lori.

"Mbukwenyi!" Lameck aliwasalimia kwa Kigogo, akipiga kelele kutoka chumbani, na ile sauti, ile yenyewe ya sokoni, ilitikisa vyombo kabatini. Makuli waliitikia kwa pamoja, wakaingia wakivua viatu mlangoni, wakamzunguka kitandani. Kulikuwa na kushikana mikono, na kutaniana, na macho kugeukia dirishani kidogo ili yafutwe.

Penina alipiga makofi. "Haya, mtalia baadaye. Kuna kazi. Yotham, shika bomba lile uinue miguu."

Yotham alifikiri ni utani. Alipoona si utani, alifunga mkanda, akashika, akakunja magoti, akaning'inia. Penina aliweka sikio ukutani. Hakusikia kitu.

"Mwingine aongezeke."

Akaongezeka. Kisha wa tatu, akijibana pembeni. Denis alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, na Gladness mkewe alimshika mkono kwa huruma. Elieth alikuwa ameegemea fremu ya mlango akitafuna, lakini alikuwa ameacha kutema kokwa.

"Tani Kumi," Penina aliita.

Gideoni alisogea mbele, akaomba radhi kwa wenye nyumba, akashika bomba pale katikati, mahali palipokuwa na shimo kubwa kuliko yote. Lameck aliketi wima kitandani.

"Makuliii!" aliita.

"Eee!"

"Mzigo wa nani?"

"Wetu!"

"Nyanyua!"

Miguu yote iliacha sakafu kwa mara moja. Makuli wakaning'inia ukutani kama popo, nyuso zimewaiva, wengine wamekazana kuzuia kicheko. Penina alibandika sikio lake, akasikiliza kwa mwili mzima. Hakuna kilichopasuka wala kilicholia. Alipitisha kidole kwenye rangi pale kilipofungwa kila kishikio, na hakukuta hata ufa wa unywele.

"Shusha!" Lameck aliamuru, na miguu ikatua kwa kishindo kimoja.

Watu wakapiga vigelegele, hata wale waliokuwa wanachungulia dirishani. Gideoni alilipigapiga bomba kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe wake. Na hapo Penina akafanya jambo ambalo hakuwa amelipanga. Alikaza khanga kiunoni, akawasukuma makuli pembeni, akalishika bomba, akainua miguu yake miwili kutoka sakafuni. Alibaki pale akibembea, mama mzima mwenye mtoto anayefundisha shule, vidole vya miguu vikichezea hewa. Akaanza kucheka. Kicheko kilimpanda kutoka huko kilikokuwa kimejificha tangu mvua za kwanza, kikamtoka kwa mikupuo, na kila alipojaribu kukizuia kilizidi, mpaka mikono ikalegea na Gladness akamdaka.

Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akamgeukia mumewe.

"Baba Gladi. Inuka."

Lameck hakungoja aambiwe mara ya pili. Denis alimsaidia kukaa ukingoni mwa kitanda, kisha akamwachia. Mkono wa kulia ukalikamata bomba. Kila mtu aliona vidole vikikaza, mshipa wa mkono ukitokeza, na yule mtu mkubwa akainuka polepole, akayumba, akatulia. Makuli walifungua midomo kushangilia, akawatazama kwa jicho la sokoni, wakafunga.

"Mtu akiwa na mzigo," alisema, "hapigiwi kelele."

Akasogeza mkono. Akavuta mguu wa kulia. Mguu wa kushoto ulibaki nyuma ukifikiri, kisha ukaja, ukiburuza kisigino. Penina alitembea nyuma yake, mikono miwili mbele, haimgusi. Aliiona shingo yake ikilowa jasho. Hatua ile ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, ya tatu ikawa nzuri kuliko zote mbili, na mahali fulani karibu na mlango Lameck alianza kuimba kwa chini, ule wimbo wa kupakia, na mguu wa kushoto ukausikia. Naapa hivyo ndivyo walivyosimulia wote waliokuwepo: mguu uliusikia wimbo. Makuli waliitikia kwa mguno tu, midomo imefungwa, wakimfuata kwa msafara mpaka sebuleni.

Bomba lilipoishia, pale penye dirisha la mbele, palikuwa na nondo za dirisha, na Lameck akahamishia mkono hapo bila kumwuliza mtu. Alisimama akihema, kifua kinapanda na kushuka. Jua lilimpiga usoni. Penina alifika ubavuni mwake, akapenyeza mkono wake chini ya ule wa kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya kamba za viatu, vidole vile vya kushoto vilimbonyeza. Kidogo sana. Jambo hilo likawa lake peke yake kwa muda ule.

Lameck alikuwa anatazama nje. Uso wake ulianza kubadilika. Nyusi zilikutana.

"Yotham!" alinguruma.

"Naam, mzee!"

"Nani kafunga lile turubai? Mnalifunga gari la mahindi kama bahasha? Kamba ya nyuma imelegea, mtafika mnakoshusha mmemwaga nusu ya mzigo barabarani! Tokeni hapa, wote, mkaifunge upya, mimi nawatazama!"

Makuli walitoka mbio wakigongana mlangoni, viatu mikononi, wakicheka, Tani Kumi akiwa wa mwisho. Elieth alitoka nao, maana hakuwahi kuona kamba ikifungwa asitoe maoni. Lameck alibaki ameshika nondo, anaelekeza kwa kidevu, vuta huku, pitisha chini, si hivyo, na sauti yake ilivuka barabara na kugeuza vichwa vya wapita njia.

Penina alimwachia Denis nafasi yake, akaenda jikoni. Alitupia macho sufuria, akafikiria yale mabega, akaitoa, akateremsha ile kubwa ya sherehe.

"Gladi!" aliita. "Mkamate yule jogoo!"